Sanduku la Ndiyo na Hapana

Watu wakiniuliza kazi yangu huwa nababaika. Nikiwa na haraka nasema natengeneza vyombo vya kufundishia sayansi. Nikiwa na subira nasema nashughulika na namna binadamu na kompyuta wanavyoelewana, na hapo macho ya aliyeniuliza huanza kutafuta mlango. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, amewaambia majirani wote wa Majengo hapa Kisimayu kwamba mimi ni fundi wa redio, na jibu lake limependwa kuliko langu. Nimekwisha kuletewa pasi, feni, na kifaa cha kusikilizia cha mzee mmoja, ambacho hakikuwa na ubovu wowote ila kujaa nta. Nilikisafisha kwa njiti ya kiberiti, nikaombewa dua ndefu. Kwa ngao ya kioo niliyopewa ng'ambo kwa uvumbuzi wangu sikuombewa dua na mtu.

Nilikulia Mombasa, kwa kuwa vita vilipoingia Kisimayu mama alinifunga mgongoni akakimbia nami. Huko ndiko nilikoiona kompyuta mara ya kwanza, katika ofisi moja ambako mama alikuwa akitafuta karatasi zetu za ukimbizi. Karani alikuwa akiigonga kwa vidole, na kila baada ya muda anatugeukia na kusema, "Imekataa." Nilikuwa mdogo, lakini nilikasirika. Nilitaka kujua imekataa nini, imekataa vipi, na mama yangu ambaye hajui kusoma angeiambiaje hiyo mashine kwamba inakosea. Nadhani kazi yangu yote ilianzia kwenye hasira ile. Nilisoma, nikapata nafasi ya kwenda ng'ambo, nikasoma tena, na kila nilichobuni kilikuwa ni chombo ambacho mtu asiyejua herufi hata moja angeweza kusemezana nacho.

Ndipo lilipozaliwa sanduku. Ukubwa wake ni kama wa bati la biskuti. Juu lina vifungo viwili vipana, cha kijani na chekundu, na ndani mna kompyuta ndogo, kipaza sauti na betri inayochajiwa kwa jua. Linamsomea mtoto somo la sayansi kwa sauti, kipande kwa kipande, kisha linauliza, "Umefahamu?" Kijani ni ndiyo. Chekundu ni hapana, na ukibonyeza hapana linalirudia somo kwa njia nyingine, kwa mfano mwingine, mpaka uelewe. Sauti ya sanduku ni yangu mwenyewe, kwa sababu sikuwa na pesa za kumlipa mtu mwenye sauti nzuri.

Niliporudi Kisimayu, ambako mama alikuwa ametangulia kurudi, nilianza kulipeleka visiwani, kwenye skuli zenye watoto wengi na mwalimu mmoja. Safari ya kisiwa cha Kudha siisahau. Somo lilikuwa ni kwa nini msumari unazama na meli ya chuma inaelea. Watoto walikaa kimya, wakasikiliza, na sanduku lilipouliza kama wamefahamu, mmoja baada ya mwingine wakabonyeza kijani. Wote. Sikupata hata chekundu kimoja. Nikafurahi mpaka nikaona aibu kufurahi hivyo. Kisha nikamwomba msichana mmoja anieleze kwa mdomo wake kwa nini meli haizami. Akatazama mchanga. Nikamwomba mwingine, naye akatazama mchanga uleule. Nikarudi kwenye sanduku, nikalifungua, nikapima waya zote nikiamini kifungo chekundu kimekufa. Kilikuwa kizima kabisa.

Jioni yake mama mmoja wa pale, aliyenipa chumba cha kulala, aliniletea wali na samaki wa kupaka. Akakaa, akaniangalia ninavyokula, akasifu viatu vyangu, akauliza habari za Kisimayu. Kisha akasema kwa lahaja ya visiwani, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Mwalimu, usinishike kwa neno. Vana va jirani vasema somo lako tamu mno. Ila hiyo chuma kuelea, hawakufahamu kichu."

"Sasa mbona hawakubonyeza nyekundu?"

Alinitazama kwa huruma. "Wakubonyezee nyekundu usoni, na wewe umekuja kwa boti kote huko?"

Nilicheka, lakini moyoni nilitahayari, maana jambo hili si geni kwangu. Kwetu hapana ya ana kwa ana anaambiwa adui. Mtu unayemheshimu humkatalii mbele ya uso wake. Unamwitikia, unamkirimu, kisha unamtuma mtu wa kati apeleke neno, polepole, kwa mlango wa nyuma. Mimi mwenyewe niliwahi kuchumbiwa na mtu ambaye mama hakumtaka. Alipokuja na wazee wake mama aliwapa halwa na kahawa, akaisifu nasaba yao mpaka nikaogopa kwamba nimeshaozwa. Baada ya siku chache jirani yetu akaenda kuzungumza na shangazi yake yule bwana kuhusu bei ya unga, na katikati ya unga neno likafika. Mpaka leo yule bwana akikutana nami ananisalimia vizuri. Nimelelewa katika ustaarabu huo, nikaunyonya, kisha nikaenda nikatengeneza chombo kinachomkodolea mtoto macho na kumtaka aseme hapana.

Dawa niliipata kwa kubahatisha. Nilibadilisha swali. Badala ya "Umefahamu?" sanduku likauliza, "Mwenzako uliyekaa naye amefahamu?" Hapo nyekundu zikamiminika. Kila mtoto wa Kudha alikuwa tayari kabisa kuliarifu sanduku kwamba mwenzake hajafahamu hata kidogo. Niliandika makala juu ya jambo hilo, nikaalikwa kulizungumza mbele ya watu waliovaa vitambulisho shingoni, wakacheka mahali nilipotaka wacheke. Niliamini nimelielewa.

Halafu mama akapata kiharusi.

Upande wa kulia ulikufa, na ulimi pamoja nao. Akili, daktari alisema, huenda ipo. Neno hilo, huenda, nililichukia kuliko ugonjwa wenyewe. Mama alikuwa akinitazama kwa macho yaleyale, lakini midomo ilitoa upepo tu, na mimi nilikuwa nakaa mbele yake kuanzia asubuhi nikijaribu kusoma uso ambao nusu yake haikuwa ikisema kweli. Mama mdogo aliyekuwa akimwogesha na kumlisha hakuonekana kuhangaika. Alizungumza naye kutwa kama zamani, akijiuliza na kujijibu.

Kilichonikosesha raha kilikuwa Chovae. Mama alizaliwa huko, na maisha yake yote Mombasa na Kisimayu hakuacha kukitaja kisiwa chake: kisima chao, nyumba ya baba yake, makaburi ya watu wake. Alikuwa amesema, kabla ya kuugua, kwamba akizeeka atarudi akafie kwao. Nyumba tulikuwa tumekwisha kuiezeka upya. Lakini Chovae hakuna daktari, na dawa zake za presha zinapatikana mjini. Kumpeleka huenda kungemfupishia maisha, na kumzuia ni kumnyima kitu pekee alichowahi kujitakia. Binamu yetu mwenye boti la mashini alikuwa tayari kumbeba na godoro lake, ila alitaka neno letu kabla ya safari yake ya Ijumaa, kwa sababu baada ya hapo angepeleka boti kukarabatiwa na sijui angerudi baharini lini. Neno hilo nani angelitoa? Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Niliona si haki yangu. Mtu mzima mwenye akili zake aulizwe mwenyewe, na mimi kuuliza ndiyo kazi niliyosomea.

Basi nikafuta masomo ya sayansi katika sanduku moja, nikaliacha na maneno mawili tu, ndiyo na hapana, kwa sauti yangu. Nikaliweka kitandani karibu na mkono wake wa kushoto.

"Mama," nikamwambia, "ukibonyeza hapa ni ndiyo. Hapa ni hapana. Umefahamu?"

Akabonyeza kijani. "Ndiyo," sanduku likasema.

Nililia, siwezi kuficha. Mama mdogo naye akalia, kisha akafuta macho kwa leso yake na kusema, "Mashallah, lakini kichu hichi chauliza kama askari wa bandarini." Sikumjali.

"Mama, unataka tukupeleke Chovae?"

"Ndiyo."

Nikashusha pumzi. Jambo limekwisha, nikawaza. Lakini kazi yangu imenizoesha kutoamini jibu moja, kwa hiyo nikageuza swali.

"Au unataka kubaki hapa Kisimayu?"

"Ndiyo."

Nikafikiri ametelezesha mkono. Nikauliza tena, polepole, Chovae kwanza kisha Kisimayu. Ndiyo, ndiyo. Nikawaza kwamba kijani kiko karibu zaidi na mkono wake, nikaligeuza sanduku upande wa pili. Akaupitisha mkono juu ya chekundu, akakitafuta kijani, akabonyeza. Nikawaza pengine anaona haya kujibu jambo zito kwa mkono wa kushoto, maana mama yangu hakuwahi hata kupokea glasi ya maji kwa mkono huo. Nikatengeneza kifungo cha kubonyezwa kwa shavu. Akabonyeza ndiyo kwa shavu.

Nikaanza kumpima. Nilimuuliza kama mimi ni mwanawe, ndiyo. Nilimuuliza kama yeye ni mwanangu, ndiyo. Mwishowe nikauliza swali ambalo hata mtoto mchanga angelikataa.

"Mama, samaki wanaishi juu ya miti?"

Alinitazama kwa muda. Pembe ya mdomo ule mzima ikapanda kidogo. "Ndiyo," likasema sanduku.

Sikuelewa, na bado sielewi vizuri. Je, kile kilikuwa kicheko au ni msuli uliojikunja? Akili imekwenda au ananitania? Mama alikuwa mtu wa mzaha sana, mtu wa kumwambia mgeni kwamba chai haina sukari akiwa amekwisha kuitia vijiko vya kutosha. Nilitoka nje, nikaketi barazani, nikahisi kichwa changu kimejaa pamba. Nilikuwa nimetumia ujana wangu wote kuwafanya watu wasikike, na sasa mtu ninayempenda kuliko wote anasema, anasema kila ninapomuuliza, na sipati neno hata moja.

Mama mdogo alinifuata na birika. Alinimiminia chai kwanza.

"Ni kwa kuwa wamuuliza wewe," akasema. "Huoni? Mamako hajakukatalia kichu tangu uzaliwe. Leo ndiyo akukatalie, nawe umekaa mbele yake na mate yamekukauka?"

Nilibaki na kikombe mkononi. Ningeweza kujipiga. Yale ya Kudha, yale niliyoyasimulia mbele ya watu wa vitambulisho wakacheka! Nilikuwa nimeyaweka kwenye kabati la watoto wa skuli, na halikunipitikia kwamba mama yangu ni mtu wa pwani hiihii kama wao.

"Basi muulize wewe," nikamwambia. "Mimi nitakaa hapa hapa nje. Uwe mtu wa kati."

Alikubali upesi mno, na hapo wasiwasi mpya ukaniingia. Mama mdogo ana wajukuu hapa Kisimayu na ana meza yake ya vitambaa sokoni. Tukihamia Chovae ama ataacha vyote aje nasi, ama atatengana na dada yake. Nilimjua kuwa mkweli, lakini nilijua pia kwamba mtu wa kati kwetu hapeleki neno likiwa bichi. Hulipika kwanza.

Aliingia, akarudisha pazia. Dirisha lilikuwa wazi juu ya kichwa changu. Mama mdogo alizungumza kwa sauti ya chini, ya dada kwa dada, na sikuweza kushika hata neno. Lakini sanduku nilikuwa nimelitengeneza lisikike darasa zima. Kwa hiyo nilikaa barazani na kikombe kimepoa, nisisikie maswali, nikisikia majibu tu, na majibu yenyewe yakitoka kwa sauti yangu.

"Hapana," nilijisikia nikisema ndani ya nyumba.

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kutoka kwa mama, na sasa nalisikia kwa mdomo wangu.

Mnong'ono wa mama mdogo, mrefu.

"Hapana."

Mnong'ono tena, na kama kicheko kidogo.

"Ndiyo."

Kisha mnong'ono mfupi sana, na jibu lilikuja papo hapo, karibu kabla swali halijaisha. "Hapana."

Mama mdogo alipotoka hakukaa. Alisimama mlangoni akijifunga leso upya, na nilijua hiyo ni dalili ya mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Umeulizaje?" nikamwambia. "Niambie kwa mpango. Swali la kwanza lilikuwa nini?"

"Nimemuuliza kama roho yake yaenda Chovae. Akasema hapana."

"Na la pili?"

"Nimemuuliza, basi wapenda tukae papa hapa? Akasema hapana."

"Sasa anataka nini?" Sauti ilinipanda. "Chovae hapana, hapa hapana! Atakaa wapi, baharini?"

"Punguza sauti, asikia. Na mimi nilishangaa kama wewe. Nikakaa nikamwangalia. Nikamwambia, dada, umechoka kuulizwa? Akasema ndiyo."

Nilimtazama usoni kuona kama kuna kitu kimepikwa, na sikuona chochote, lakini mimi si wa kutegemewa kusoma nyuso. Ingewezekana swali la kwanza lilikuwa jingine kabisa. Ingewezekana ile ndiyo moja ndiyo ilikuwa jibu la Chovae, akageuza maswali alipotoka. Sina ushahidi. Nilikuwa na majibu manne kwa sauti yangu mwenyewe, na maswali yake yalikuwa mali ya mtu mwingine.

"Tangu mumewe afe ni yeye aliyeamua," mama mdogo akaendelea. "Kukimbia aliamua yeye. Kurudi aliamua yeye. Wewe kwenda ng'ambo, vachu wote wakipinga, aliamua yeye. Sasa amelala, na kila asubuhi waja na kichu chako, wamwambia, mama, amua."

"Na ile hapana ya mwisho?" nikauliza.

Akatazama upande wa barabarani, ambako hapakuwa na chochote cha kutazama ila punda wa maji.

"Mama mdogo. Ya mwisho ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza, nikamwambie mwanao haya?"

"Akasema hapana. Sasa mbona umeniambia?"

"Kwa sababu wewe, mwanangu, huambiliki kwa njia nyingine," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na hasira. "Ungemuuliza mpaka afe."

Aliingia jikoni. Nilibaki pale, na nakiri sikujua nihisi nini kwanza. Nilikuwa na uchungu, kwamba nilikuwa nikimtesa mama kwa upole wangu wote. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya fundi, kwamba akili yake ipo, tena kali, na sanduku linafanya kazi. Nilikuwa na woga kuliko yote mawili, maana kama kweli hataki kuulizwa basi neno la Ijumaa ni langu, na sina pa kulipeleka. Na juu ya hayo nisingeweza hata kumwomba radhi. Alikuwa amekataza nisiambiwe. Nikimwomba radhi atajua nimeambiwa, na stara yake yote aliyoishika kwa mkono mmoja wa kushoto nitakuwa nimeivunja.

Nilimpigia simu binamu. Nilimwambia asimsubiri mama, tunabaki Kisimayu. Akaniuliza kama hayo ndiyo matakwa yake. Nikamwambia ni yangu. Nilikata simu, na sikuwa na hakika, wala leo sina hakika, kwamba sikumdhulumu.

Kisha nikaingia chumbani. Mama alikuwa ameegemea mito, sanduku ubavuni mwake. Nilikaa pembeni mwa kitanda. Maswali yalinijaa mdomoni kwa mazoea, umelalaje, wataka maji, nikugeuze, nikayameza yote.

"Mama," nikasema, "boti halitakuja. Tunakaa hapa mjini, mimi na wewe na mama mdogo. Mimi ndiye niliyeamua." Nikapumua. "Na hili sanduku limeharibika. Waya zimeungua, halisemi tena. Nitaliondoa."

Alinitazama kwa muda mrefu, kwa jicho lile la zamani la kumpima mtoto aliyerudi kutoka dukani. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, akakitafuta kijani, akabonyeza.

"Ndiyo," sanduku likasema, kwa sauti yangu, safi kabisa, ikasikika hadi jikoni.

Alikuwa akiitikia lipi, sikumuuliza.